Mdomo wa Marehemu

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mwanawe Princesse au pungufu, na Chisanga alimchukia tangu alipovuka mlango. Unakwenda hospitali kwa ajili ya kidole gumba cha mguu, kidole kilichovimba hadi kiatu kimekataa kuingia, halafu mtoto wa watu anakuamuru uvue shati, anakuwekea mpira wake wa kusikilizia shingoni, anafumba macho na kusikiliza. Shingoni! Chisanga alitaka kumkumbusha kwamba kidole kiko kule chini, mwisho wa mwili. Lakini uso wa binti ulikuwa umebadilika.

"Papa, mukono wa kuume unakufwaka ganzi?" aliuliza daktari. "Unaangushaka bintu?"

"Hapana," alijibu Chisanga.

Huo ulikuwa uongo mtupu. Wiki iliyotangulia kisu kilikuwa kimemtoka mkononi mbele ya wateja, na kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini vidole vyake vilikuwa pale anaviona, lakini si vyake. Kisha vikarudi. Akasema ni usingizi, wateja wakacheka, na nyama ikaendelea kuiva.

Daktari Mbuyi, ndilo jina la yule binti, alimpeleka chumba kingine wakampaka mafuta baridi shingoni na kumpitishia mashine ya picha. Siku ya tatu alimwita, akamweka mbele ya karatasi. Mshipa mkubwa wa shingo upande wa kushoto, ule unaopeleka damu kwenye ubongo, ulikuwa umeota ukoko ndani. Njia iliyobaki ilikuwa nyembamba. Asidi ya yuriki, ile iliyokuwa inamchoma kidole usiku na mchana, ilikuwa tisini na nane mahali ambapo haikutakiwa kupita sabini. Na mizani ilisema kilo mia moja thelathini na moja, ingawa Chisanga alishuku mizani yenyewe.

"Kumbe ni acide urique njo inafunga mushipa?"

"Haina yeye peke yake, papa. Hata baprofesa bangali banabishana ni nani anavuta mwenzake. Lakini kilo, tension ya damu na acide urique banapendaka kutembea pamoja, na mahali banapita, mushipa unaharibika." Daktari aligusa shingo yake mwenyewe kwa kidole kimoja. "Kipande kidogo kikitoka hapa, kinapanda ku kichwa. Mukono wa kuume unakufwa. Kinywa kinaanguka. Maneno inapotea. Siku ile, papa, haina kungoja hata saa moja. Unakuya hapa mbio. Unasikia?"

Chisanga alisikia. Alisikia vizuri mno, hata jasho likamtoka mgongoni. Alipewa orodha ya dawa, akaambiwa aache maini, figo, bia na soda, apunguze unene, atembee. Akashukuru kwa adabu. Jioni hiyohiyo aliitia ile karatasi ya majibu kwenye makaa ya jiko lake, akaitazama inavyojikunja na kuwa jivu, kana kwamba ugonjwa ungeungua pamoja nayo. Mtu mzima na akili zake!

Lakini tusimcheke bado. Chisanga alikuwa mchoma michopo, nyama ya mbuzi, kando ya barabara katika komini ya Annexe, mjini Lubumbashi, na tumbo lake ndilo lililokuwa bango la biashara. Watu walitoka hata katikati ya mji kuja kula kwa yule mnene. Nani atakula nyama ya mchoma nyama aliyekonda? Lubumbashi mtu akipungua kilo kumi, majirani hawampongezi. Wanashusha sauti. Wanamtajia mkewe kanisa la maombi. Chisanga alikunywa dawa siku nne, akimwambia mkewe Brigitte kwamba ni za kidole, na zilipokwisha hakununua nyingine. Kidole kilikuwa kimepoa. Na kumeza kidonge kila asubuhi ilikuwa ni kukubali kila asubuhi kwamba lile jambo lipo.

Lilikuwepo. Aliliogopa akiwa anakata nyama, akiwa anacheka na wateja, akiwa misani. Kila gari liliposimama mbele ya jiko lake, aliinama kwenye kioo cha pembeni kujifanya anamsalimu dereva, kumbe anatabasamu aone kama mdomo unapanda sawa pande zote mbili. Akajitungia na mtihani wa ulimi. Alitaja kimoyomoyo, kisha kwa sauti, miji ya njia wanayopita mbuzi wake: "Lukafu, Kasomeno, Kasenga." Majina yakitoka mazima, anapumua. Alifanya hivyo mara ishirini kwa siku, na kila mara moyo ulimdunda. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Chisanga aliijua methali hiyo, akaificha nayo.

Miezi miwili baadaye, Faustin akaanguka.

Faustin alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, rafiki yake wa miaka thelathini, mnene kama yeye, mlaji wa maini kama yeye. Asubuhi moja aliamka upande wa kushoto wa mwili hauko, na mdomo umeshuka upande huohuo. Ndugu zake wakasema amekanyaga kitu, dawa aliyotegewa mlangoni na mwenye wivu; si alikuwa analalamika mguu kuvimba? Mguu ule ulikuwa wa asidi, sawasawa na wa Chisanga, lakini nani angewaambia? Chisanga angeweza. Alikuwepo. Alisimama uani kwa marehemu mtarajiwa, ameshika kofia yake, anajua kila kitu ambacho binti wa hospitali alimwambia kuhusu kutongoja hata saa moja. Na alinyamaza, kwa sababu wangemuuliza, wewe umejuaje? Walimpeleka Faustin kwa mganga, wakakaa naye huko siku mbili nzima. Walipomfikisha hospitali, madaktari walitikisa vichwa.

Alilala huko siku kumi na mbili. Chisanga alimtembelea mara mbili. Mara ya pili alimkuta Marceline, mke wa Faustin, anamfuta mumewe mate yaliyokuwa yanachuruzika kwenye kona ya kushoto ya mdomo, anafuta, anakunja kitambaa, anafuta tena. Faustin alimkazia Chisanga macho akatoa sauti, na sauti ile haikuwa neno. Chisanga alitoka mbio, akaenda kutapika chooni.

Siku ya kumi na tatu Faustin akafariki.

Sasa, mambo ya kilio. Faustin alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, na Chisanga ni wa ukoo wa Chui. Tangu enzi na enzi chui na mbuzi ni watani; si chui ndiye anayemla mwenzake? Mbuzi akifiwa, Chui ndiye anayekuja kuvunja majonzi. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, anamwiga hadi dakika yake ya mwisho, na hakuna mfiwa anayeruhusiwa kukasirika. Katika mji mzima hakukuwa na mtani, munungwe kwa lugha ya hapo, wa kumfikia Chisanga. Watu walikuwa wakisema kwamba ni raha kufiwa akiwepo.

Safari hii hakutaka. Alimwambia Brigitte kwamba mguu unauma, abaki nyumbani.

"Papa Princesse, uko na akili?" Brigitte alimwangalia kama anayemwona mara ya kwanza. "Bantu bako banasema Faustin alitegewa. Muntu wa mwisho kumupatia nyama ni weye. Munungwe akikataa kucheza, batasema nini?"

Alisema kweli. Mtani asiyecheza ni mtani mwenye kinyongo, na mwenye kinyongo ndiye mtega dawa. Siku inayofuata maziko, kijana yeyote mwenye hasira angeweza kuja kulipindua jiko, au kulichoma pamoja na mwenyewe. Chisanga akavaa, akaenda.

Ilikuwa siku moja kabla ya maziko, mchana, jua kali, turubai limetandwa uani na viti vya plastiki vimejaa. Wanaume chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka barazani. Katikati yao Marceline, miguu ameinyoosha, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Mjane haruhusiwi kusimama kwenye mkeka mbele ya watu hadi mumewe azikwe, wala kupaza sauti isipokuwa kwa kulia. Akisimama, anaita kifo kingine ndani ya nyumba. Mjomba wa Faustin, mzee Nkandu, alikuwa ameketi kiti cha mbele kuhakikisha kila kitu kinakwenda kwa desturi.

Chisanga alivaa koti la kazi la Faustin, akajitia miwani yake ya kuchomelea, akashika chupa ya bia mkono wa kuume. Akatembea ule mwendo wa Faustin wa kutanguliza tumbo. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wanawake. Akamkaripia mke wa kufikirika, akakataa kumlipa msaidizi wa kufikirika, akaomba maini mawili na ya tatu "juu ya docteur alikataza", ati kwa sababu daktari amekataza. Watu wakapiga makofi. Hata Marceline, siku ya nne hii hajala, alitabasamu.

Kisha akafika mahali alipokuwa anapaogopa. Kila mtu alikuwa anangoja. Akaulegeza upande wa kushoto, akauangusha mdomo wake kwenye kona ya kushoto, akaanza kuburuta mguu. Alifanya vizuri sana, maana aliyajua haya kwa kuyaogopa miezi miwili. Uani pakalipuka. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Chupa ikaanguka.

Hakuiangusha yeye. Aliiona inabiringika kwenye vumbi, bia inamwagika, na mkono wake wa kuume unaning'inia ndani ya mkono wa koti la marehemu. Watu walicheka. Chisanga aliuamuru mkono uinuke. Mkono haukuinuka. Akahesabu, moja, mbili, tatu, hadi thelathini, maana mara ya kwanza ilikuwa thelathini, na ilipofika thelathini hakuna kilichorudi.

Lukafu, alisema. Alijaribu kusema. Kilichotoka kilikuwa uji. Lukafu, Kasomeno. Uji mtupu. Akavua miwani kwa mkono wa kushoto wamwone macho, akawageukia wanaume akawaambia kwamba huu si mchezo, ninakufa, nisaidieni, akayasema yote kwa ukamilifu kichwani mwake, na mdomoni ikatoka ile sauti ya Faustin ya hospitali.

"Ah, munungwe! Munungwe muzuri sana!" Mzee Nkandu alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Ni yeye kabisa!"

Mguu wa kuume ukakunjika. Chisanga alipiga magoti, kisha akakaa kwa kishindo, na kilo zake zote mia moja thelathini na moja zikawachekesha watu upya. Kijana mmoja akaja mbio akambandika noti kwenye paji la uso lenye jasho, kama wanavyotuzwa wachezaji hodari. Chisanga akamtafuta Brigitte. Akamwona. Alikuwa amemwegemea jirani yake, kanga mdomoni, mabega yanamtikisika kwa kucheka.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Yote ya kabla yake yalikuwa mazoezi. Angekufa hapa, mchana kweupe, mbele ya watu mia wanaompenda, na wangempigia makofi hadi apoe. Aliwaita. Kadiri alivyowaita ndivyo walivyocheka. Mate yakaanza kumtoka, akayasikia yanashuka kidevuni, upande wa kuume.

Marceline alikuwa ameacha kutabasamu.

Alimtazama, akaitazama chupa, akautazama mdomo. Aliinama mbele. Midomo yake ilifunguka ikafumba. Alimgeukia mzee Nkandu, kisha mkeka aliokalia, kisha Chisanga tena. Halafu mjane akasimama.

Wanawake walipiga ukelele wa hofu. Aliwaruka miguu, akashuka barazani bila viatu, akafika katikati ya uwanja.

"Muache kucheka!" alipaza sauti. "Haina mchezo! Faustin ilimuangukia kushoto. Huyu ni kuume! Miye nilipanguza kile kinywa siku kumi na mbili, minajua!"

"Mama Marceline, ikala chini!" Mzee Nkandu alisimama, kicheko kimemkauka. "Mujane anasimama kabla ya maziko? Unataka kuita kifo ingine?"

"Kifo ingine iko hapa, papa. Njo hii munaichekea."

Uani pakawa kimya. Katika kimya hicho Chisanga alitoa sauti yake tena, na safari hii kila mtu aliisikia ilivyokuwa. Brigitte alipiga kelele.

Ilibidi wanaume sita kumwinua. Wakampakia nyuma ya gari dogo lililoleta viti. Mtu akasema labda apitishwe kwanza kwa yule mganga, maana koti la marehemu huenda lina kitu. Marceline akapanda garini, kitambaa chake cheusi kichwani, miguu peku.

"Hapana kwa mganga. Hospitali."

"Na maiti?" aliuliza mzee Nkandu. "Unaacha bwana yako?"

"Faustin anaweza kungoja," Marceline alisema. "Huyu hapana."

Njia nzima Chisanga alilala chali, anaona nyaya za umeme zinapita angani, kichwa chake kwenye mapaja ya Brigitte. Alikuwa anasikia kila neno, na halikuwepo hata moja aliloweza kulirudisha. Brigitte alikuwa akirudia, "Nilicheka, Mungu wangu, miye nilicheka." Alitaka kumwambia si kosa lake.

Zamu ilikuwa ya daktari Mbuyi. Alimtazama mgonjwa, akamtambua, na hakupoteza muda wa kushangaa. Alimwinulia mikono yote miwili. Wa kushoto ulibaki hewani, wa kuume ulianguka kitandani. Akageukia watu waliojazana mlangoni.

"Ilianza saa ngapi? Munisemee saa ya kweli, dawa inafuata ile saa."

Walitazamana. Mmoja akasema alipopiga magoti. Mwingine akasema hapana, pale bado alikuwa anacheza. Mzee Nkandu, ambaye alikuwa amefuata kwa pikipiki, aliinamisha kichwa.

"Docteur, shiye tulikuwa tunacheka," alisema. "Hakuna anajua mchezo ulikwisha wapi."

"Miye minajua," alisema Marceline. "Ni pale chupa ilianguka. Saa ya ukutani pale baraza ilikuwa saa tisa na dakika tano. Niliona, docteur. Niliona palepale. Lakini mujane hasimamake. Nikangoja dakika kumi kabla ya kusimama. Dakika kumi muzima, nilikuwa naogopa bantu."

Aliziba uso akalia, na hakuna aliyejua kama anamlilia Chisanga au Faustin. Nadhani alikuwa anazililia zile siku mbili kwa mganga.

Daktari aliandika saa, akaagiza picha ya kichwa, akatundika chupa ya maji. Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka. Bila kuinua macho alimuuliza Brigitte, "Mama, zile dawa nilimuandikia, anakunywaka kila siku?"

"Dawa gani?"

"Za mushipa wa shingo. Tulimuonyesha picha, karibu miezi miwili na nusu. Nilimuambia kila kitu."

Brigitte alimpa daktari mgongo. Kisha akamwinamia mumewe, karibu sana, hadi Chisanga akaona uso wake tu.

"Ulijua?"

Chisanga alitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Faustin alipoanguka, bakamupeleka kwa mganga, ulikuwa pale. Ulijua?"

Marceline aliondoa mikono usoni. Chisanga aliyaona macho yake juu ya bega la Brigitte. Angeweza kuangalia ukuta, na hakuna ambaye angemlaumu mgonjwa. Akatikisa kichwa tena kwamba ndiyo.

"Juu ya nini haukusema?"

Aliutafuta ulimi. Ulikuwa mzito mdomoni, kipande cha nyama ya mtu mwingine. Akausukuma, ukateleza, akausukuma tena, na neno likatoka limevunjika lakini likasikika hadi mlangoni.

"Woga."

Marceline alimtazama kwa muda. Alifunga vizuri kitambaa chake, akapita katikati ya wanaume wakampisha njia, akarudi kwa mumewe.

Brigitte aliketi ukingoni mwa kitanda. Machozi yalikuwa yanamtoka na hasira ilikuwa imemjaa, vyote pamoja, na kwa vyote viwili aliushika mkono wa kuume wa mumewe akauweka kati ya mikono yake. Wauguzi walikuwa wanafungua magurudumu ya kitanda wampeleke kwenye picha.

"Ukinisikia, finya mukono yangu," alisema. "Papa Princesse. Finya."

Chisanga alifinya. Alifinya kwa nguvu zake zote, nguvu za mtu anayeangusha mbuzi peke yake, hadi meno yakamuuma. Kisha akamtazama mkewe usoni aone kama amefarijika, na Brigitte alikuwa bado anasubiri.